Klachi ya mafuta haikati: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mwenye gari la gia za mkono ambaye klachi yake haikati, yaani ukikanyaga gia haziingii au zinakwaruza, na anayetaka kulijua tatizo lake kabla hajakubali gia boksi ishushwe. Gari lililo akilini mwangu ni Toyota Hilux LN106 yenye injini ya dizeli iitwayo 3L, kwa kuwa ndilo ninaloishi nalo. Ukiwa na Land Cruiser ya zamani, Canter au gari dogo lenye klachi ya mafuta, mengi yatakufaa vilevile.

Nitajuaje kama klachi yangu ni ya mafuta au ya waya?

Fungua boneti. Upande wa dereva, kwenye bati linalotenganisha injini na kabini, tafuta kikopo kidogo kando ya kile kikubwa cha breki. Kikiwepo, na chini yake kuna bomba jembamba la chuma linaloshuka kuelekea gia boksi, ni ya mafuta. Ukiona waya umevalishwa ganda jeusi, ni ya waya, na ukurasa huu hautakusaidia sana.

Magari kadhaa ya Ulaya hayana kikopo cha klachi. Yanachota mafuta kwenye kikopo cha breki kupitia mpira uliochomekwa ubavuni. Usihitimishe haraka.

Inafanyaje kazi?

Kuna masta mbili, yaani silinda ndogo zenye pistoni ndani. Ya juu inasukumwa na pedeli, ya chini imefungwa ubavuni mwa gia boksi na inasukuma foku ya klachi, mkono wa chuma unaoingia ndani. Kati yao kuna bomba la chuma na kipande cha mpira. Foku inasukuma bearing, bearing inabonyeza vidole vya presha pleti, nayo inaachia klachi pleti, ile sahani inayobanwa kwenye flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), nawe unaingiza gia.

Angalia hesabu yake, maana inaeleza nusu ya matatizo. Tuchukue masta ya juu yenye kipenyo cha inchi 5/8 na ya chini ya inchi 3/4. Ya chini inapata nguvu mara 1.44 ya ile ya juu, lakini mwendo wake unapungua kwa kiasi hichohicho: ya juu ikisogea milimita 25, ya chini inasogea kama 17 tu. Mwendo hauna akiba. Mafuta hayabonyei, ila upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mfumo, unabonyea, na kiputo kidogo tu kinaweza kumeza milimita nne au tano. Kwa klachi, hizo ndizo milimita za kukata au kutokukata.

Dalili za kwanza ni zipi?

Gia ya nyuma ndiyo inayolalamika kwanza. Kwenye gia boksi nyingi haina sinkronaiza, kifaa kinacholinganisha mizunguko ili gia iingie laini, kwa hiyo klachi isipokata vizuri inakwaruza hata kama gia za mbele bado zinaingia. Baadaye gia ya kwanza inakuwa ngumu ukiwa umesimama kwenye foleni. Pedeli inakuwa laini kama unakanyaga sponji, au inakata ikiwa karibu kabisa na sakafu. Kisha inafika siku ya kuipampu mara mbili tatu ndipo gia iingie.

Ukiona zulia chini ya pedeli limelowa, au kiatu chako cha kushoto kina utelezi usioelewa umetoka wapi, hujakanyaga maji ya mvua. Masta ya juu inavujia ndani.

Nitajuaje kama tatizo ni mafuta, si klachi pleti?

Hapa ndipo pesa za watu zinapotea, na zangu zilipotea hapohapo. Hilux yangu ilikataa gia ya kwanza asubuhi moja. Gereji niliyoipeleka walisema klachi imekwisha, wakashusha gia boksi, wakaweka pleti, presha pleti na bearing mpya. Siku ya tatu gia zikakataa tena. Nililala chini ya gari mwenyewe, nikavuta mpira wa vumbi wa masta ya chini kwa kidole, na mafuta meusi yakanimwagikia kiganjani. Pleti ya zamani ninayo mpaka leo na bado ina unene wa kutosha.

Kwa hiyo anza kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyaita kwa jina moja. Klachi *isiyokata* ni ile ambayo gia haziingii au zinakwaruza. Klachi *inayoteleza* ni ile ambayo gia zinaingia vizuri, ila ukikanyaga mafuta injini inapiga kelele na gari haliongezi mwendo, hasa kwenye mlima, pengine na harufu ya kuungua. Kuteleza kwa kawaida ni pleti. Kutokukata kwa kawaida ni mfumo wa mafuta.

Sasa jaribu hivi. Injini ikiwa imezimwa, ingiza gia zote moja baada ya nyingine. Zikiingia kwa urahisi, gia boksi yenyewe haina neno. Washa injini, kanyaga klachi mpaka chini, ingiza gia. Ikikataa, pampu pedeli harakaharaka mara nne au tano na ujaribu tena. Ikikubali baada ya kupampu, karibu hakika kuna upepo, au vikombe vya mpira vinavyozuia mafuta yasipite ndani ya masta vimechoka. Kupampu kusiposaidia, usishushe kitu bado. Pima kwanza mwendo wa masta ya chini.

Ninapimaje mwendo wa masta ya chini?

Mtu mmoja akae kwenye usukani, injini imezimwa. Wewe weka alama ya chaki kwenye fimbo inayotoka kwenye masta ya chini na kusukuma foku, kisha shika rula kando yake. Aseme "nakanyaga" na akanyage mpaka mwisho. Kwenye magari mengi madogo na pikapu fimbo inapaswa kusogea zaidi ya sentimita 1. Ikisogea milimita tano au sita, mafuta hayafanyi kazi yake. Ikisogea vizuri na bado gia zinakataa, tatizo liko ndani: foku iliyopasuka, presha pleti iliyovunjika kidole, au bearing ndogo ya katikati ya flaiwili iliyokwama. Hapo sasa fundi ana haki ya kushusha.

Gari lililosimama miezi mingi wakati wa masika lina jambo lake. Pleti hushikana na flaiwili kwa kutu, na masta zote zikawa nzima.

Nimejua ni mafuta. Ni masta ya juu au ya chini?

Tazama palipolowa. Vua mpira wa vumbi wa masta ya chini: unyevu kidogo si kitu, ila mafuta yanayotiririka maana yake kikombe kimekufa. Halafu ingiza kichwa chini ya dashibodi na tochi, ushike kwa kidole mahali fimbo ya pedeli inapoingia kwenye masta ya juu. Fuata na bomba lote, hasa kile kipande cha mpira. Kikunje kidogo uone kama kina nyufa.

Kisha kuna wizi usioacha alama. Mafuta hayapungui, hakuna palipolowa, lakini ukikanyaga na kushikilia pedeli, inazama polepole. Ukisimama kwenye taa na gia ya kwanza imeingia, gari linaanza kujivuta lenyewe. Hiyo ni masta ya juu: mafuta yanapita kando ya kikombe na kurudi kwenye kikopo. Ukifanya jaribio hili, lifanye mahali tambarare pasipo na mtu mbele, mkono ukiwa kwenye breki ya mkono.

Ukiwa bado na shaka, bana ule mpira kwa klampu laini ya mipira. Usitumie plaizi yenye meno, utautoboa. Pedeli ikiwa ngumu na kubaki juu, ya juu ni nzima na ubaya uko chini. Ikizama vilevile, ya juu imekwisha.

Niweke mafuta gani?

Yaliyoandikwa kwenye mfuniko wa kikopo. Kwa magari mengi tuliyonayo ni DOT 3 au DOT 4, yaani mafuta yaleyale ya breki. Hayo mawili yanachanganyika bila madhara. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganyiki nayo kabisa, ingawa DOT 5.1, licha ya jina lake, ni ndugu wa DOT 4.

Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa. DOT 3 mpya inachemka kwa nyuzi 205 au zaidi. Ikishanyonya maji kiwango chake cha chini kinashuka hadi 140. Kwa klachi kuchemka si tatizo kubwa kama kwa breki, ila maji yanaleta kutu ndani ya masta, na kutu inachuna vikombe. Anayeishi Tanga au Mombasa alijue hilo zaidi ya anayeishi Dodoma. Chupa iliyofunguliwa mwaka jana na kukaa kwenye kona ya stoo usiitumie. Mimi nabadilisha kila baada ya miaka 2, na nikiona yamekuwa meusi sisubiri mwaka utimie.

Nimeishiwa njiani. Naweza kuongeza oili ya injini, au maji na sabuni?

Oili ya injini, ya usukani, dizeli, mafuta ya taa: hapana, hata tone. Vikombe vya masta hizi vimetengenezwa kwa ajili ya mafuta ya breki tu. Vikikutana na mafuta ya aina hizo vinavimba, vinaziba kitundu cha kurudishia mafuta kwenye kikopo, presha inanasa, na klachi iliyokuwa haikati sasa inaanza kuteleza. Ukisharudi nyumbani unabadilisha vikombe vya masta zote mbili na mpira wa bomba.

Maji ya sabuni ni dawa ya barabarani ya siku nyingi. Yatakufikisha, sikatai. Lakini ukifika, fungua kila kitu siku hiyohiyo, osha kwa spiriti na uweke mafuta mapya. Na kama gari lako linachota kwenye kikopo cha breki, usithubutu hata kwa kilomita moja.

Kutoa upepo kunafanywaje?

Unahitaji mtu wa pili, spana ringi (kwenye Toyota nyingi ni namba 8 au 10), mpira mwembamba unaoonesha ndani, chupa ya plastiki na mafuta mapya nusu lita. Safisha nipo ya kutolea upepo kwenye masta ya chini kwa brashi ya waya kabla hujaigusa. Ikiwa imeshika kutu, iloweshe kwa dawa ya kulegeza kutu usiku kucha. Ikikatikia ndani umejinunulia masta mpya.

Jaza kikopo. Valisha spana kwenye nipo, kisha chomeka mpira, na ncha ya pili izamishe kwenye mafuta kidogo ndani ya chupa. Mwenzako apampu taratibu mara tatu, ashikilie chini. Wewe legeza nipo robo mzunguko. Utaona viputo vinakimbia kwenye mpira na pedeli itaanguka. Kaza nipo *kabla* hajaachia. Akiachia nipo ikiwa wazi, upepo wote unarudi ndani. Kwa hiyo kubalianeni maneno. Sisi nyumbani tunasema "kanyaga", yeye anajibu "chini", nafungua, nafunga, nasema "achia", na hakuna anayetoa mguu bila kusikia neno hilo. Kijana wangu aliachia mapema mara moja akiwa na simu mkononi, tukaanza upya.

Kila baada ya mizunguko minne au mitano ongeza mafuta kwenye kikopo. Kikikauka, umenyonya upepo mpya kutoka juu. Endelea mpaka mafuta yatoke safi, bila kiputo, na pedeli ipate uzito wake.

Niko peke yangu. Je?

Jaza kikopo, acha mfuniko wazi, fungua nipo na uache mafuta yadondoke yenyewe kwa dakika kumi au kumi na tano, huku ukiongeza juu. Kwa klachi njia hii ya uvivu mara nyingi inatosha, maana bomba ni fupi na linashuka moja kwa moja.

Njia nyingine ninayoipenda ni kutoka chini kwenda juu. Chukua bomba kubwa la sindano, jipya, lijaze mafuta, liunganishe na nipo kwa mpira na sukuma polepole. Upepo kwa asili yake unapanda, nawe unausindikiza tu. Kwanza punguza mafuta kwenye kikopo, la sivyo yatamwagika kwenye rangi ya gari, nayo huibabua. Yakimwagika, mwagia maji mengi papo hapo.

Nimetoa upepo mara kumi na pedeli bado ni laini. Kuna nini?

Mambo manne, kwa mpangilio ambao mimi ningeyatafuta. Kwanza, nipo ya masta ya chini haiko juu kabisa ya masta, hivyo upepo unakaa pembeni. Fungua bolti mbili za masta ya chini, inamishe mpaka nipo iangalie juu, isukume fimbo ndani kwa mkono na uishikilie hivyo wakati wa kutoa upepo. Pili, masta ya juu ni mpya na ilifungwa kavu. Tatu, mpira umechoka na unavimba kila ukikanyaga; mwenzako akanyage nawe uushike kwa kiganja, utausikia. Nne ni pedeli yenyewe: tundu la pini limelika, au bati inapofungwa masta limepasuka na linapinda. Kwenye Hilux za umri wa hii yangu hilo la tundu nimelikuta zaidi ya mara moja.

Ninunue ripea kiti au masta nzima?

Ripea kiti ni vikombe na vipuri vya ndani tu. Fungua kwanza, ndipo uamue. Toa kishikizo, toa pistoni, pangusa ndani ya silinda kwa kitambaa chenye spiriti na umulike na tochi. Ukuta uking'aa kama kioo, kiti inatosha. Ukiwa na madoa meusi tu, zungusha msasa laini wa namba 1000 uliolowa mafuta ya breki. Zungusha, usivute mbele na nyuma. Ukipitisha kucha na ikakwama kwenye shimo la kutu, weka kila kitu kando na ununue masta. Kiti kwenye silinda yenye mashimo itakupa wiki chache.

Wakati wa kufunga, paka kikombe mafuta ya breki, kamwe si grisi ya kawaida, na mdomo wake mpana uangalie upande wa mafuta. Ukikigeuza, klachi haitafanya chochote, nawe utadhani umeuziwa kiti mbovu.

Ukinunua masta, nenda dukani na ya zamani mkononi. Nyingi zina namba kama 5/8 au 3/4 kwenye mwili wake. Tofauti ya kipenyo ambayo macho hayaioni itabadilisha ile hesabu ya mwendo niliyoieleza juu.

Na moja ikifa, ya pili haiko mbali. Zilizaliwa pamoja na zimekunywa mafuta yaleyale. Kama mfuko unaruhusu, fanya zote mbili kwa mara moja.

Kubadilisha masta ya juu ni kazi ngumu?

Ngumu ni kulala kichwa chini kwenye sakafu ya gari. Chini ya dashibodi toa kipini kinachoshika pini ya pedeli, kisha pini yenyewe. Kwenye boneti nyonya mafuta ya kikopo, fungua nati ya bomba la chuma, halafu nati mbili zinazoshika masta. Ile nati ya bomba, kwa kawaida namba 10, ifungue kwa spana maalumu ya nati za bomba, inayoizunguka nati karibu yote; spana ya mdomo wazi inaviringisha kona zake na baada ya hapo ni plaizi na matusi. Wakati wa kurudisha, anza kuikaza kwa vidole kabla hujakaza nati za masta. Ikikataa vidole, usiilazimishe, inaingia upande.

Pedeli iwe na mchezo kiasi gani?

Kwenye Toyota nyingi, fimbo ya masta ya juu inatakiwa kuwa na mchezo wa milimita 1 hadi 5 ukipima juu ya pedeli, na mchezo wote wa pedeli ni milimita 5 hadi 15. Bonyeza kwa kidole, si kwa mguu. Usipoacha mchezo kabisa, masta hairudi mwisho, kitundu cha mafuta hakifunguki, na klachi inateleza mpaka pleti iungue. Hili hutokea sana kwa mtu aliyerefusha fimbo ili "kuiongezea klachi nguvu".

Pedeli inashuka na hairudi. Ni upepo?

Mara nyingi ndiyo, au mafuta yamekwisha. Lakini ikirudi polepole sana, shuku mpira wa bomba. Ndani yake hubomoka na kuwa kama vali: mafuta yanapita kwenda, kurudi yanasita.

Fundi anasema masta ya chini iko ndani ya gia boksi. Ananidanganya?

Huenda anasema kweli. Magari mengi ya Ulaya na baadhi ya pikapu mpya zina masta ya duara iliyoshikana na bearing, ndani kabisa. Ukiona bomba linaingia kwenye gia boksi na hakuna foku wala fimbo nje, ndiyo hiyo. Kutoa upepo bado unaweza nyumbani. Kuibadilisha ni lazima gia boksi ishuke, na hapo badilisha na pleti na presha pleti, maana gharama kubwa ni kushusha.

Klachi imekufa nikiwa mbali. Nitafikaje?

Barabara ikiwa tambarare na wazi, inawezekana. Zima injini, ingiza gia ya kwanza, washa. Gari litaruka na kwenda. Kupandisha gia, achia pedeli ya mafuta ya injini, vuta gia itoke, subiri mzunguko wa injini ushuke kidogo, na isukume taratibu bila kulazimisha. Ukikaribia kusimama, toa gia mapema. Usifanye hivi kwenye mlima wa Kitonga, Iringa, wala kwenye foleni ya Ubungo, Dar es Salaam, saa kumi na moja jioni. Huko ita gari la kuvuta.

Niingie chini ya gari na jeki peke yake?

Hapana. Stendi mbili, kigingi nyuma ya magurudumu ambayo hayajanyanyuliwa, na ulitikise gari kwa nguvu kabla hujaingia. Matofali ya saruji hupasuka bila kutoa taarifa. Vaa miwani pia, maana nipo iko juu ya uso wako na mafuta ya breki yanauma jicho vibaya.

Mafuta yaliyotoka niyamwage wapi?

Usiyamwage mtaroni wala bustanini, na usiyarudishe kwenye kikopo hata yakionekana safi. Ni sumu, tena watoto na mbwa hawajui. Yaweke kwenye chupa yenye mfuniko, andika juu yake kwa kalamu ya wino mzito, na uyapeleke gereji inayokusanya oili chafu, mkiyatenga na oili. Yangu hukaa kwenye chupa ya lita moja juu ya kabati la stoo. Inajaa baada ya magari matatu hivi, la kwangu na ya majirani.